Kompyuta ya Pili na Mpira wa Sketi

Machi 14

Daftari hili nimepewa na mke wangu Melba. Ni la shule, lina picha ya paka kwenye jalada, na kurasa mbili za kwanza zimejaa vipimo vya sare za wanafunzi, maana Melba ni fundi cherehani na hatupi karatasi hata kwa bahati mbaya. Masharti yake ni haya: niandike kila siku ya msimu, nisifiche kitu, na msimu ukiisha atalisoma lote. Akishasoma, yeye ndiye atakayesema kama mwakani nitarudi majini au nitakaa nyumbani kushona vifungo. Nimekubali. Nimeapa mbele ya picha ya marehemu mama. Mwanamume aliyelala hospitalini siku tisa bila kujua kama miguu ni yake hana ubavu wa kubishana na mke aliyekuwa akimgeuza ubavu kwa ubavu.

Niliandike na hilo, basi. Mei mwaka jana kompyuta yangu ya kuzamia ilizimika nikiwa mita ishirini na saba chini ya maji. Hicho ni kidude cha mkononi, mfano wa saa, kinachokumbuka leo umeshuka mara ngapi, kina gani, dakika ngapi, kisha kinakwambia wakati wa kupanda usimame wapi na kwa muda gani ili hewa iliyoingia mwilini itoke polepole. Ilipozimika, nikakadiria kichwani, nikasimama dakika tatu tu, nikatoka majini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya kuongoza wageni kwenye miamba ya Tubbataha, nikajiona najua. Sikujua kitu: hewa ile ilibaki mwilini ikaniua miguu.

Kesho tunaondoka bandarini Puerto Princesa.

Machi 16

Msimamizi wetu mpya melini ni Charito, miaka thelathini na nne. Mwaka jana alikuwa msaidizi, kazi yake kubeba orodha ya majina. Mwaka huu ana filimbi shingoni. Amri yake ya kwanza: kila kiongozi awe na kompyuta mbili, na zote mbili ziende naye majini kila anaposhuka, hata akishuka dakika tano. Zikitofautiana, inafuatwa ile yenye woga.

"Yenye woga ndiyo ipi?" nikauliza.

"Ile inayokwambia ukae zaidi kabla ya kupanda, Manong."

"Na mimi nikitofautiana nazo zote mbili?"

"Wewe huna kura, Manong."

Watu wakacheka. Kijana huitwa jina lake, mkubwa huitwa Manong, na sijawahi kusikia heshima ikiuma hivyo. Nimevaa zote mbili mkono wa kushoto, moja juu ya nyingine. Kumpare wangu Isko, aliyemshika mwanangu ubatizoni na ndiye dereva wa boti ndogo inayotushusha na kutuokota, alinitazama weee.

"Kumpare, unauza saa?"

Machi 17

Nimepanda ngazi ya boti, wimbi likanisukuma, mkono ukagonga chuma. Kompyuta zote mbili zimechubuka vioo kwa pigo moja. Charito alinyoosha tu kidole kwenye mkono mmoja, kisha kwenye mwingine. Nimeelewa, mimi si mtoto.

Machi 19

Mkono wa kulia nao haufai. Ndio mkono wangu wa kazi. Leo kamba ya boya imejizungusha kwenye ile kompyuta nikabaki nimefungwa kama mbuzi wa sikukuu, wageni wananipiga picha.

Machi 24

Papa watano, kasa mmoja mkubwa. Supu ya ukwaju. Nina afya.

Aprili 2

Sasa naiweka mfukoni mwa koti la kuelea, zipu imefungwa. Charito kasema inahesabu vizuri hata humo, lakini akauliza nitaisomaje. Nikamwambia ikinihitaji itaniita.

Leo imeita. Tulipokuwa tunapanda nikasikia mlio, pii pii pii, ule wa kuonya kwamba mtu anapanda haraka mno. Nikamgeukia Mjerumani mmoja mrefu nikamtikisia kidole. Akashuka kidogo. Mlio ukaendelea, nikamtikisia tena. Maskini, akanionyesha kompyuta yake: kimya kabisa. Kumbe ni mfuko wangu. Juu nilimwomba radhi, akacheka, lakini mimi sikucheka. Ningemwambia nini Melba, kwamba niliitwa kwa sauti na nikamkemea jirani?

Aprili 9

Bahari shwari. Hakuna jipya.

Aprili 12

Nyumbani siku moja, kisha tunarudi. Nimeosha vyombo. Melba kanitazama tu.

Aprili 20

Pasaka. Kapteni kasali kwa kifupi kwenye sitaha, tukala wali wa kunata kwa nazi. Isko kasema ameniombea kompyuta zangu, moja moja.

Aprili 23

Nimeitundika kwenye mrija wa kipimo cha hewa, inaning'inia kiunoni. Nilidhani nimepata dawa. Charito alishuka na kundi langu, na tulipofika juu akanivuta pembeni.

"Manong, kompyuta inaburuza kwenye matumbawe nyuma yako. Umevunja tawi moja na umegonga la pili."

"Nimezamia hapa wewe ukiwa shule ya msingi."

"Kwa hiyo hilo tawi ni rafiki yako wa zamani."

Niliondoka kabla sijasema neno la kujutia. Ana mdomo, huyu mtoto. Na lililoniudhi zaidi ni kwamba matumbawe yale nayajua kweli. Nimewaonyesha wageni tangu yakiwa madogo kama sahani.

Mei 8

Nitaandika yote. Sitaki.

Kila kiongozi hubeba boya jembamba lililokunjwa. Kabla ya kupanda unalijaza hewa kidogo, linachomoka kama mshale hadi juu, na Isko analiona anajua tuko wapi. Sasa mimi, katika kutafuta mahali ambapo kidude hakitaning'inia, hakitagongwa wala kuburuza, nikaona pete ya boya ni mahali pazuri. Limekunjwa, limekaa mgongoni, limetulia. Nikaibana kompyuta ya pili hapo. Nilijisifu asubuhi nzima.

Mzamio wa tatu, mita kumi na nne, muda wa kupanda umefika. Nikakunjua boya, nikapuliza, nikaachia. Likaenda. Na kompyuta ikaenda nalo.

Nilipanda kwa utaratibu wangu wote, nikasimama mita tano kama inavyotakiwa, huku moyoni najua. Nilipotoa kichwa nje Isko alikuwa amekaa na boya mapajani, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Karibu kumpare! Kompyuta yako imefika zamani, imeshapewa chai!"

Kompyuta ilikuwa inalia na kioo kinamwekamweka. Kwa hesabu yake, mimi Rodelio Abarquez nimetoka mita kumi na nne hadi juu kwa sekunde chache. Ilikuwa imejifunga, inasema nisizamie saa arobaini na nane. Ile ya mkononi inasema niko salama kabisa, sina kasoro. Nikamwendea Charito na zote mbili.

"Unajua kilichotokea," nikamwambia. "Mimi sikupanda hivyo. Boya ndilo lililopanda."

"Najua, Manong."

"Basi niendelee na kazi."

"Iliyofungwa haiwezi kukuhesabia. Utabaki na moja. Kiongozi mwenye moja hazamii."

"Kwa hiyo mimi naadhibiwa kwa kosa la boya!"

"Hujaadhibiwa. Unasubiri siku mbili."

Nikamwambia yeye anajua filimbi tu, bahari haijui. Nilisema mbele ya wageni. Uso wake ulibadilika, akaingia ndani. Wakati ule sikujali.

Mei 9

Nimekata vitunguu kilo sita jikoni. Wenzangu wameona papa nyundo kundi zima.

Ukikata vitunguu huna la kufanya ila kufikiri, na nimefikiri hadi nimechoka. Melba, Aprili 9 nilikudanganya. Bahari ilikuwa shwari kweli, lakini kompyuta ya pili niliiacha kitandani chini ya mto. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilizamia mara nne na ile moja ya mkononi, jinsi nilivyozamia mwaka jana siku ile. Halafu kesho yake nikaitia mfukoni ile ya pili kama hakuna kitu, na yenyewe ikadhani jana nilikuwa nimelala. Kama ningeihitaji ingenihesabia mtu mwingine, si mimi. Nilikuja nyumbani nikala kinilaw yako ya samaki mbichi kwa siki na sikusema.

Nilitaka kuchana ukurasa. Lakini daftari hili limeshonwa katikati, ukichana mmoja na mwenzake anatoka. Wewe uliliangalia hilo kabla ya kulinunua, nakujua.

Mei 10

Nyumbani. Sikumwonyesha daftari, muda haujafika, ila nilimweleza habari ya boya na pote nilipojaribu kabla yake. Melba alicheka mpaka akaegemea cherehani. Kisha akasema, "Lete hilo koti lako."

Nikalileta. Akanivalisha pale pale sebuleni, mtungi wa kufikirika mgongoni, akaniambia nijifanye naogelea. Mimi, babu wa mjukuu mmoja, nikalala kifudifudi juu ya benchi nikipunga miguu. Yeye akazunguka na chaki.

"Mkono wa kushoto una nini?"

"Kompyuta ya kwanza."

"Wa kulia?"

"Una kazi."

"Kiuno kinaburuza, mfukoni huioni, mgongoni kuna boya lako lenye wazimu." Akanigusa chini ya bega la kushoto, kwenye mkanda wa koti. "Inamisha kidevu. Unaona kidole changu?"

Naona.

"Basi hapo."

Akachukua mpira mpana wa sketi za shule, ule mweusi, akashona vitanzi viwili vya kubana kwenye mkanda, kimoja juu kimoja chini, na kamba fupi ya tatu ikiwa viwili vitachoka. Kompyuta imekaa bapa kifuani kama beji ya mwanafunzi. Nimeivuta kwa nguvu zangu zote, haitoki. Akasema mpira huo umezoea watoto wa darasa la pili, bahari haitausumbua.

Mei 12

Imekaa. Sina la kuongeza. Imekaa!

Mei 15

Charito kaishika, kaivuta, kainamisha kidevu kujaribu kwenye koti lake. "Nani kashona?" Nikamwambia. Akauliza kama Melba anaweza kushona mipira mingine saba. Tumeongea vizuri dakika nzima, ila lile nililomwambia juu ya filimbi bado liko kati yetu na mimi sijui pa kulishika.

Mei 21

Mvua ya kwanza. Upepo umeanza kugeuka, maji yana mikondo ya ajabu. Msimu unazeeka.

Mei 29

Chakula cha usiku kimekwisha, sasa naandika.

Asubuhi nilizamia mara mbili, zote za kina. Mzamio wa tatu nilipewa mgeni mmoja tu, Bi Perla, mwalimu mstaafu kutoka Iloilo, miaka sitini na tatu. Asubuhi alipumzika kwa sababu ya sikio, kwa hiyo kwake ulikuwa wa kwanza wa siku. Tukashuka kwenye ukuta wa kusini. Mita ishirini na nane, kila kitu kizuri, ananionyesha konokono wa rangi. Ghafla nikaona mapovu yake hayapandi. Yanashuka.

Ni mkondo wa kushuka, unaomwagika ukutani kwenda chini. Ukamchukua Bi Perla mbele ya macho yangu, kimya kimya, kama mtu anayeshuka kwa lifti. Nikamfuata. Nilimpata mita thelathini na saba, nikamshika mkanda, nikaingiza vidole kwenye ufa wa mwamba. Macho yake yalikuwa makubwa kwenye miwani. Tukapanda ukuta kwa mikono, ufa kwa ufa, sijui dakika ngapi, mpaka mkondo ukatuachia kwenye mita kumi na sita.

Nikatazama mkono wangu wa kushoto. Kioo cheusi.

Nikagonga. Nikabonyeza. Cheusi. Melba, nilirudi pale pale pa mwaka jana, rangi ile ile ya maji. Na kichwa kikaanza kukadiria, kama kawaida yake: hukukaa sana, simama dakika tatu, inatosha, umefanya mara elfu.

Kisha nikainamisha kidevu.

Ilikuwa hapo, bapa, inawaka. Ilikuwa imeshuka nami asubuhi mara zote mbili, ilijua kila kitu. Iliandika: mita tatu, dakika nane.

Tukapanda polepole. Nikarusha boya, safari hii peke yake. Tulipofika mita tatu Bi Perla akanionyesha kompyuta yake: yeye yuko huru, anaweza kutoka. Hewa yake ilikuwa imebaki kidogo. Akanyoosha dole gumba: twende juu. Juu mawimbi yalikuwa makubwa, na Isko bado yuko mbali, naisikia injini. Kiongozi wa kwetu hamwachi mgeni atoke peke yake. Ukimwacha, hata asipoumia, utaona haya mpaka uzeeni. Mwaka jana, tangu nilipopata fahamu, nilijiambia nilipanda kwa sababu ya mgeni. Na leo mgeni ananiambia twende, kichwa kinaniambia twende, heshima yangu inaniambia twende. Kidude kimoja tu kwenye mpira wa sketi kinasema ngoja.

Sikujua nimwambieje. Nikagonga kifua changu.

Bi Perla akasogea. Kwake ilikuwa juu chini, lakini mwalimu aliyesoma daftari za watoto upande wa pili wa meza miaka thelathini na tano hasumbuliwi na hilo. Akaisoma namba. Akanitazama mimi. Akashusha dole gumba, akanyoosha mkono nimpe mdomo wa hewa wa akiba, akauweka kinywani, akashika mkanda wangu mwingine. Kisha akanyanyua vidole vinane mbele ya uso wangu.

Kila dakika ilipopita alikunja kidole kimoja. Dakika tatu zilipoisha nikatazama vidole vitano vilivyobaki nikaelewa kwamba hivyo vitano ndivyo vilivyonilaza hospitalini. Nililia ndani ya miwani, na sioni haya kuandika.

Isko alitupokea bila utani. Alinishika mkono na hakuuachia hadi meli kubwa.

Bi Perla alipomaliza chai aliniita. "Manong, mimi nilitaka kutoka. Nilikuwa naogopa."

"Hata mimi nilitaka kutoka, Bibi."

"Basi tulikuwa wanafunzi wawili watundu," akasema akilinyooshea kidole koti langu lililotundikwa, "na mwalimu mmoja mdogo mweusi."

Mei 30

Sizamii leo. Nimejikataza mwenyewe, hakuna aliyeniamrisha. Miguu yangu ni yangu, nimetembea nayo sitaha nzima.

Charito alikuja akakaa karibu nami kwenye ngazi. Nikaona sasa ndio wakati, nikamwomba msamaha kwa maneno yale ya filimbi. Akatikisa kichwa.

"Manong, mwaka jana siku ile ulikuwa umeshazamia mara tatu. Unakumbuka nani alikuomba uende ya nne?"

Sikumbuki. Ya majini nayakumbuka, ya melini yamefutika.

"Ni mimi. Wageni walikuwa wanalalamika, nikaona haya kuwakatalia. Nikakwambia, Manong, wewe mzoefu, nenda tu. Ukacheka ukaenda." Alikuwa anaikunja kamba ya filimbi kidoleni. "Walipokubeba nilikuwa nimeshika orodha ina jina lako."

Miezi miwili na nusu nimemwona mtoto mwenye kiburi, anayefurahia kuniaibisha mbele ya watu. Kumbe kila alipouliza "ya pili iko wapi, Manong," alikuwa anauliza jambo jingine kabisa. Nikamwambia kwamba nilicheka na nikaenda kwa miguu yangu, na kwamba yeye hakuizima kompyuta. Akasema anajua. Nikamwambia basi ajue vizuri zaidi. Tulikaa pale mpaka kengele ya chakula.

Juni 4

Viongozi wote wanane wana mpira mweusi kifuani. Isko, ambaye hazamii, amedai wa kwake. Ameubania leso.

Juni 11

Tumemaliza. Bandarini mvua kubwa. Charito kanipa mkono, kisha akabadili mawazo akanikumbatia. "Mwakani, Manong?" Nikamwambia hilo halipo mikononi mwangu, liko mikononi mwa fundi cherehani.

Naliweka daftari juu ya cherehani. Sikuchana ukurasa hata mmoja. Halafu naenda nje kutengeneza banda la kuku ambalo halijaharibika.

Juni 12

Odel, mume wangu,

Nimelisoma lote, Mei 29 nimeisoma mara tatu. Ya pili nililia na ya tatu nilikukasirikia, sasa yamekwisha. Yule Bi Perla nipe anwani yake nimtumie samaki wakavu.

Ya Aprili 9, nilijua unaficha kitu siku ile ulipokuja nyumbani. Miaka ishirini na sita ya ndoa hujawahi kuosha vyombo bila kuambiwa.

Mpira unaokaa chumvini msimu mzima hulegea. Nimekata mpya wa mwakani, uko kwenye droo ya kushoto na sindano.

Acha hilo banda uje kula.

Melba